Bi Maumivu Hasemi Asichoulizwa

Ukitaka kitu kutoka kwa Bi Maumivu, uliza. Na uliza vizuri, maana ukiuliza nusu unapewa nusu, na ile nusu nyingine utajijua mwenyewe.

Siku moja binti yake aliuliza, "Mama, maji ya kuoga yapo?" Akajibiwa yapo. Binti akaingia bafuni, akachota kopo zima, akajimwagia mgongoni, akatoka anaruka na kanga nusu mwilini. Maji yalikuwa yameepuliwa jikoni muda huo huo, bado yanatokota!

"Mama! Mbona hukusema ni ya moto?"

"Uliuliza kama yapo. Yapo."

Baba mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye ndiye Dalali, muuza makabati na vitanda vilivyotumika, mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili. Kabati mguu mmoja umelegea, yeye analinadi eti linajua kucheza. Mdomo wa Dalali haukuwa na breki. Na Mungu ana utani wake, akamwozesha mwanamke wa kuchotwa maneno kwa kijiko.

Zamani Bi Maumivu hakuwa hivyo. Ni kazi ndiyo ilimfanya.

Kazi yenyewe, yaani, ukiambiwa unaweza kudhani ni uongo: alikuwa anaumwa. Analipwa aumwe. Kwenye chuo cha madaktari kulikuwa na chumba chenye kitanda cha plastiki, pazia la kijani, na kioo kikubwa ambacho walimu wanakaa nyuma yake wanachungulia. Bi Maumivu anapanda kitandani, mwanafunzi anaingia na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, mtihani unaanza. Leo ana kidole tumbo, kesho ana pumu, keshokutwa ni mama aliyefiwa na analia machozi ya kweli. Alikuwa hodari! Jina la Bi Maumivu alilipata mtaani, siku alipokuwa akijifunza kuumwa tumbo nyuma ya nyumba. Majirani wakaja mbio, wakambeba juu juu mpaka barabarani, gari likasimamishwa, ndipo akafumbua jicho moja na kusema, "Niteremsheni, nafanya mazoezi."

Kazi ile ilikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza: usimwambie mwanafunzi kitu ambacho hajakuuliza. Ya pili: usitoke kwenye ugonjwa mpaka kengele ilie. Kengele ikilia, hapo unakaa kitako, unakuwa mtu mzima tena, unamwambia kijana alipokosea. Miaka ikapita, sheria zikamwingia kwenye mifupa, akahama nazo mpaka nyumbani.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," Dalali alikuwa akiwaambia wateja. "Mke wangu anayaficha, na mwisho wa mwezi analipwa!"

Sasa sikia kuhusu ugonjwa alioupenda kuliko yote. Waliuita Kichwa. Mtu amejigonga kichwa, hajazimia, hajatapika, anaongea vizuri, ukimwona utasema hana shida. Lakini mtu huyo anatumia vidonge vya kulainisha damu, na damu laini ikianza kuvuja ndani ya fuvu haijui kusimama. Kwa hiyo mwanafunzi lazima aulize: kuna dawa yoyote unayotumia kila siku? Akiuliza, anaambiwa, anampeleka mgonjwa kupigwa picha ya kichwa haraka, amefaulu. Asipouliza, kengele inalia, Bi Maumivu anakaa kitako, anamtazama usoni kwa upole na kumwambia:

"Umeniua, mwanangu."

Alikuwa analipenda neno hilo, jamani! Alilisema taratibu, kama anayemmenyea mtoto chungwa. Kijana mmoja aliambiwa mbele ya wenzake wote waliokuwa nyuma ya kioo, wakacheka mpaka kioo kikatetemeka. Kijana huyo alikuwa na mbio, anauliza swali akiwa ameshageukia lingine, na Bi Maumivu akambandika jina: Haraka. Mwaka uliofuata Haraka alirudia mtihani, akauliza swali la dawa hata kabla ya kusalimia. Akafaulu. Akawa daktari.

Na hivyo vidonge vya kulainisha damu Bi Maumivu hakuvijua kwa kukariri tu. Vilikuwepo nyumbani kwake, kwenye kopo juu ya redio. Vya Dalali. Moyo wake ulikuwa unapiga ovyo ovyo, wakampa vidonge damu isigande. Akijikata kidevu wakati wa kunyoa, anatembea na kitambaa hadi mchana. Kila mtu nyumbani alijua.

Basi, ukaja utafiti. Profesa, mama mmoja mfupi anayefundisha walimu wa madaktari, alikuwa anawashwa na swali moja: hawa vijana wanaouliza maswali yote kwenye mtihani, wakishaanza kazi, wanauliza? Madaktari wapya wakaombwa wakubali kwamba siku yoyote mgonjwa wa kuigiza ataweza kuingia kliniki kwao bila kujitambulisha. Wakakubali, wakasahau. Bi Maumivu akatumwa na Kichwa chake. Anapanga foleni na wagonjwa wa kweli, anaingia, anaeleza alivyojigonga, anasubiri swali.

Swali haliji. Kliniki baada ya kliniki, swali haliji.

"Mmoja alikuwa anakula," aliripoti. "Mwingine aliniandikia dawa ya minyoo."

"Ya minyoo!" Profesa alipiga meza kwa furaha. "Haya ni matokeo matamu sana. Utafiti ukiisha, mimi nataka wewe uwe mwalimu wa wagonjwa wote wa kuigiza. Chumba chako, mlango una jina lako."

Mlango una jina lake! Bi Maumivu aliubeba mlango ule kichwani hata alipokuwa akiosha vyombo. Kulikuwa na daktari mmoja tu aliyebaki. Haraka. Profesa akamwambia, "Huyo sikupangi wewe, atakutambua. Nitatafuta mwingine."

Ilimuuma. Haraka alikuwa wake. Yeye ndiye aliyemlea kwa aibu ile.

Sasa njoo asubuhi ile. Dalali alikuwa anashusha kabati la milango miwili kwenye mkokoteni, mlango mmoja ukafunguka wenyewe, ukampiga juu ya sikio, paa! Akakaa chini. Akajishika. Akatazama kabati na kusema, "Hili bei imepanda, linapigana."

Binti akasema, "Mama, mpeleke kliniki. Na vile vidonge vyake."

"Naenda naye," Bi Maumivu akasema. Na wakati huo alikuwa na nia safi kabisa, tusimsingizie.

Kliniki ya karibu ilikuwa na benchi refu ukutani na mlango wa bluu. Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka, na nyuma ya meza Bi Maumivu akaona koti jeupe na uso anaoujua. Haraka.

Kuna kitu kikamtekenya moyoni.

Angeweza kusema neno moja. Lakini alijiambia: ngoja kwanza tuone kama atauliza. Akiuliza, sawa. Asipouliza, mwishoni nitamwambia, nitamtazama usoni na kumwambia taratibu, na kesho Profesa ataisikia. Kuna ubaya gani? Hata hivyo dawa atapewa, picha itapigwa. Ni kusubiri dakika tu.

Wakaitwa. Wakakaa, mke na mume, magoti yakigusa meza.

"Tatizo?" Haraka aliinua macho, yakamgonga Bi Maumivu, yakakaa hapo kidogo. Kisha yakarudi kwenye karatasi.

"Amejigonga kichwa," Bi Maumivu alisema.

"Alizimia?"

"Hapana."

"Ametapika?"

"Hapana."

"Kinauma?"

"Kinauma kidogo, daktari," Dalali akadakia, "ila kabati ndilo limeumia zaidi. Halafu mimi daktari nina vidonge vyangu vya—"

Chini ya meza, Bi Maumivu akamfinya.

Alimfinya pajani, nyama kidogo katikati ya vidole viwili, akaipinda. Ilikuwa lugha yao ya siku nyingi. Dalali akiropoka mbele ya wakwe, anafinywa. Dalali akianza kumsimulia mgeni habari za choo, anafinywa. Mwili wake ulishazoea, mdomo ukajifunga wenyewe kama mfuko wa zipu. Akamgeukia mkewe, nyusi juu. Mkewe akatazama mbele, uso mtupu wa kazini.

Haraka hakuuliza vya nini. Aliandika huku kalamu ikikimbia. "Dawa ya maumivu, mtachukua dirishani. Apumzike. Mwingine!"

Na Bi Maumivu hakuinuka.

Alikaa. Unajua alikuwa anasubiri nini? Kengele! Mwili mzima ulikuwa unasubiri kengele ilie ili akae kitako na kuwa mtu tena. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yao na mtoto mgongoni.

"Mama," Haraka akasema bila kumtazama, "mmemaliza."

Wakajikuta nje kwenye benchi.

"Wewe, mbona umenifinya?" Dalali aliuliza huku akijisugua paja.

"Hakuuliza."

"Si ndiyo maana nilikuwa namwambia!"

"Ukimwambia atajifunza nini?"

Dalali akacheka, akashika kichwa kwa kuwa kicheko kilimuuma. "Mke wangu, nikifa kwa ajili ya elimu unizike na cheti."

"Ngoja nirudi nimwambie."

Akagusa mlango wa bluu. Muuguzi wa zamu akaweka mkono katikati. "Mama, nyie mmeshaonwa. Hawa hawajaonwa."

"Neno moja tu."

"Kila mtu ana neno moja."

Kusukuma angeweza. Kupiga kelele angeweza, mtu aliyewahi kulia machozi ya mtungi mzima mbele ya wanafunzi angeshindwa na mkono wa muuguzi? Lakini ukweli ni huu, na ni mchungu: hakusukuma kwa sababu ndani alikuwa anafurahi. Haraka ameanguka! Ripoti ilikuwa imeshaanza kujiandika ulimini. Akamtazama mumewe, anatembea, anatania, rangi nzuri. Akamwambia, "Nenda nyumbani ulale. Napita chuoni mara moja, nikirudi tunaenda hospitali kubwa."

Mara moja!

Chuoni alimkuta Profesa anakunywa chai.

"Haraka hakuuliza," alisema kabla ya kukaa. "Nilimpelekea Kichwa, hakuuliza."

"Nilikukataza kwenda kwa Haraka."

"Sikwenda mimi kama mgonjwa. Nilimpeleka mume wangu."

Profesa akacheka. "Naye anaigiza siku hizi?"

"Hapana."

Kikombe kikasimama hewani. Profesa alikuwa mtu anayejua kuuliza, ndiyo kazi yake.

"Amejigonga kweli?"

"Kweli."

"Na dawa ya kulainisha damu?"

"Anatumia."

"Kweli?"

"Kweli."

"Daktari anajua?"

"Hakuuliza."

"Wewe mwanamke," Profesa alisema polepole, "mume wako yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Amelala."

Aliposikia neno lile likitoka kinywani mwake mwenyewe, ndipo akaelewa. Kichwa ndivyo kinavyoisha. Analala. Alishawaambia wanafunzi mara ngapi, mgonjwa huyu akilala ataamshwa na nani?

Akatoa simu kwenye mkoba. Ilikuwa imezimwa sauti, maana kazini sheria ni simu izimwe sauti. Binti alikuwa amepiga, amepiga, amepiga. Ujumbe wa mwisho ulisema: *mama baba anakoroma vibaya haamki mdomo umeenda upande*.

Hospitali kubwa walimpasua kichwa, wakatoa damu. Hakufa. Watu wakaja na pole na kusema tushukuru Mungu, na Bi Maumivu akashukuru Mungu mpaka siku Dalali alipofumbua macho, akafungua mdomo kunadi kitu, na hakikutoka kitu. Hata sauti. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa kama tawi kavu. Akili ipo, daktari wa pale alisema, anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki na hayatatoka.

Dalali! Kati ya watu wote!

Haraka alikuja wodini jioni moja bila koti. Alisimama miguuni pa kitanda, halafu akamvuta Bi Maumivu koridoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Mama, huyu ni mumeo!"

"Na wewe ni daktari. Swali unalijua. Mwaka mzima ulirudia kwa ajili ya swali hilo."

Haraka akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikutambua," alisema. "Mlivyoingia tu. Nikasema hawa wameletwa, utafiti umenifikia. Mzee anachekesha hivyo, nikasema huyu naye wamempata wapi, anaigiza vizuri. Nje nina watoto wana homa, wagonjwa wa kweli. Nikasema sipotezi muda na wa uongo. Wakinipa sifuri wanipe."

Bi Maumivu alifungua mdomo kusema neno lake alipendalo. Umeniua, mwanangu. Likafika kwenye meno, akaona halina pa kwenda. Akalimeza.

Utafiti ulikamilika. Profesa alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akamsogezea kiti.

"Pole sana kwa mgonjwa."

"Asante." Kisha akauliza kitu ambacho alikuwa akikizungusha kichwani tangu wodini. "Na Haraka? Kwenye matokeo mmemwandikaje?"

"Haraka tulimtumia mwigizaji mwingine baadaye. Aliuliza swali." Profesa akakohoa. "Aliuliza mara tatu."

"Na ile yetu?"

"Ile hatuihesabu. Haikupangwa, na mgonjwa hakuwa wa kuigiza. Tukiiingiza itaharibu utafiti. Unaelewa?"

Alielewa. Yaani dawa ya minyoo imehesabiwa, mumewe hakuhesabiwa.

"Ila kazi ipo," Profesa akaendelea. "Tunaanzisha zoezi jipya, mgonjwa asiyeweza kusema. Hakuna mtu anayelijua kama wewe."

Ule mlango wenye jina hakuna aliyeutaja. Bi Maumivu akakubali zoezi, maana Dalali anahitaji dawa na kula, na makabati hayajinadi yenyewe.

Nyumbani binti ndiye aliyejua kuongea na baba. Mkono wa kushoto ulikuwa hai, ukiuliza anabonyeza kidole chako mara moja ndiyo, asipobonyeza siyo. "Baba, kiu? Redio? Nikugeuze?" Binti anapata jibu upesi, tena wanacheka, kicheko cha Dalali siku hizi ni pumzi ya puani. Lakini Bi Maumivu akikaa, maswali yote aliyosomea yanakataa. Unaumwa? Hapana. Njaa? Hapana. Shuka? Hapana. Anauliza mpaka anaishiwa, na mume anamtazama tu. Hakuna kinachotoka ambacho hakijaulizwa. Mwanafunzi kapata mwalimu.

Kule chuoni akawa analala kwenye kitanda cha plastiki, mdomo kaupeleka upande, mkono wa kulia kauacha uning'inie. Anamwigiza mumewe. Aliigiza vizuri mno, walimu nyuma ya kioo walikuwa wanapiga makofi.

Siku hiyo akaingia msichana mwembamba, mwanafunzi, jasho juu ya mdomo. Akampa Bi Maumivu kidole cha kubonyeza. Kiu? Maumivu? Choo? Maswali ya karatasi yakaisha na muda bado. Msichana akahangaika, akatazama dari, kisha akauliza swali ambalo halikuandikwa popote:

"Kuna mtu umemkasirikia?"

Sheria inasema ukiulizwa, jibu kama mgonjwa angejibu. Bi Maumivu akajitafuta kidoleni, abonyeze au asibonyeze? Hakujua. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakujua mgonjwa wake angejibu nini. Alilala pale, mdomo upande, kidole cha mtoto wa watu kikiwa mkononi mwake, mpaka kengele ikalia. Na ilipolia hakukaa kitako. Walimu wakadhani bado anaigiza. Wakapiga makofi tena.

Alirudi nyumbani moja kwa moja. Binti alikuwa ametoka. Dalali alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, anatazama barabarani makabati ya watu wengine yakipita kwenye mikokoteni. Bi Maumivu akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa, magoti yakagusana. Akampa kidole.

"Baba nanihii," alisema, "siku ile kliniki. Ulikuwa unataka kumwambia daktari."

Akabonyeza. Ndiyo.

"Unakumbuka nilichofanya?"

Kidole hakikubonyezwa. Bi Maumivu akapumua. Kumbe hakumbuki! Hata machozi yakaanza kumtoka, ya kweli au ya kazini hata yeye hakujua.

Halafu akahisi mkono wa kushoto wa mumewe umekiachia kile kidole. Ukateremka taratibu, ukapapasa goti lake, ukapanda pajani, ukatafuta. Ukashika nyama kidogo katikati ya vidole viwili.

Ukaipinda.

Hakuipinda na kuachia. Alishikilia, macho yake makavu yakiwa usoni pa mkewe, huku nje mtu fulani asiyejua kunadi akinadi kitanda. Bi Maumivu hakulia kwa sauti wala hakuuondoa mguu. Alikaa hivyo hivyo, akisubiri.